Mteja Huyu Tayari Yupo

Siku Mama Pazia alipomfukuza mdogo wake, mtaa mzima ulisikia, na aliyekuwa mbali akasimuliwa kabla hajavua viatu. Si kwamba watu walitega masikio. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kuingia na kutoka. Sebule ndiyo karakana ya kushonea mapazia, mlango wa mbele haufungwi mpaka watu wasinzie, na wateja hukaa juu ya marobota ya kitambaa wakinywa chai ambayo hakuna anayekumbuka nani kaibandika. Ukipita hapo kuazima sindano, utatoka na sindano, pamoja na habari za ndoa iliyovunjika na nyingine inayonukia. Sasa mahali kama hapo, mwenye nyumba akipaza sauti na kumwambia ndugu yake wa tumbo moja achukue nguo zake aondoke, habari haihitaji kubebwa. Inatembea yenyewe.

Mdogo mtu alikuwa anaitwa Redio, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya kuimba vizuri. Alijua nani kahama, nani karudiana na nani, nani kanunua kochi likagoma kupita mlangoni. Akikaa kupinda mapazia, mkono ulikuwa unashona na mdomo unatangaza, na mara nyingi kazi ya mdomo ilikuwa safi kuliko ya mkono. Ndiyo maana siku hiyo hakuna aliyeuliza kakosa nini. Watu walitazamana tu, kama wanaosema: hatimaye.

Kilichomfikisha Mama Pazia hapo ni nyumba hiyo hiyo. Mumewe alipofariki, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alilia kuliko wote. Kisha machozi hayajamkauka vizuri akaonekana uani anapima kwa hatua. Alikuwa dalali wa nyumba na viwanja, mtu wa suruali iliyonyooka na simu mbili mkononi, na akikaribishwa kwa mtu huanza kutazama dari kabla ya kuwasalimu wenyeji. Alidai kiwanja walikinunua yeye na kaka yake kwa pamoja, kwa hiyo nyumba iuzwe, kila mtu achukue chake. Mama Pazia alijua vingine, maana alikuwepo msingi ulipochimbwa, na maji ya kukorogea saruji aliyabeba yeye kichwani. Nyumba ikiuzwa, cherehani zinakwenda wapi? Redio anakwenda wapi? Na ile halaiki yote inayokula, kulala na kucheka chini ya paa hilo? Shemeji akafungua shauri mahakamani. Mama Pazia akaenda kwa wakili.

Kumtafuta hakukumpa shida. Mapazia ya ofisi ile alikuwa ameyashona yeye mwenyewe, enzi za uhai wa marehemu, na ni yeye huyo huyo aliyempeleka shemeji pale, siku shemeji alipogongwa na gari akataka kumshtaki dereva. Wakati huo ofisi ilikuwa ya majalada ya karatasi, yamefungwa kwa uzi, yamepandana mpaka yanaziba dirisha ambalo alilishonea pazia zuri. Safari hii alikuta majalada yametoweka. Pale mapokezi kulikuwa na kompyuta tu, na binti aliyekaa nyuma yake alimweleza kwa fahari kwamba siku hizi kila kitu kimo humo ndani: wateja, mashauri, tarehe za mahakama, barua, mpaka nani alipiga simu akasema nini. Wanauita mfumo. Wakili akiulizwa jambo hashiki tena karatasi, anasema ngoja nitazame kwenye mfumo.

Binti akamwomba namba ya simu. Mama Pazia akaitaja. Ilikuwa namba ambayo nusu ya mtaa iliijua kichwani, kwa sababu nusu ya mtaa ilikuwa inaitumia. Walimu walimpigia kuhusu watoto wa majirani. Aliyepoteza simu, aliyeuza simu, aliyekuwa anamkimbia mtu kwenye simu, wote wakiulizwa namba waliandika ya Mama Pazia, wakijua cherehani haiendi popote na mlango uko wazi. Hakuwahi kuona ubaya wake. Alijisikia mtu wa maana.

Binti akachapa. Kitu kikatokea kwenye kioo cha kompyuta, akakitazama kama mtu anavyomtazama nzi, akabonyeza, kikaondoka.

"Tayari, mama. Kumbe umo humu tangu zamani."

Mama Pazia hata akafurahi. Alidhani wamemkumbuka kwa ajili ya mapazia.

Wakili alikuwa mtu mnene wa sauti ya taratibu, miwani ameipandisha juu ya kipaji. Alimwambia aseme yote asifiche kitu, kwa sababu ya wakili na mteja hubaki kwa wakili na mteja. Naye akasema, huku wakili anachapa. Alimtaja fundi mwashi aliyeijenga ile nyumba, ambaye angeweza kusimama mahakamani akaeleza nani alikuwa anampa kazi na nani hakuonekana pale hata kwa bahati mbaya. Akashusha sauti akasema mambo yakimfika shingoni kabisa, basi afadhali shemeji apewe lile banda la uani, mradi nyumba ibaki. Na alipokuwa anainuka kuondoka hasira zikampanda, akasema kama shemeji anaitaka nyumba aje kwanza aibebe cherehani, na yeye akiwa amekaa juu yake. Wakili alicheka, na hilo nalo akalichapa.

Nyumbani alimrudia Redio yote, neno kwa neno. Walipofika kwenye cherehani walicheka mpaka Redio akajichoma sindano.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda mrama. Fundi mwashi, aliyekuwa ameapa kwamba atakuja, akaanza kupokea simu kwa haraka haraka, kisha akaacha kuzipokea. Mkewe akapita kusema mzee amepata kazi mbali, ametafutiwa na bwana mmoja dalali, mtu mwema sana. Shemeji habari za fundi alizipata wapi?

Kisha kikao cha usuluhishi. Mahakama iliwapeleka kwa msuluhishi wajaribu kuelewana kabla kesi haijaanza kusikilizwa, katika chumba chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Msuluhishi alikuwa hata hajamaliza kuwakaribisha, shemeji akasema yeye si mtu wa ugomvi. Kama nyumba haiuzwi leo, basi ataanza na banda la uani, ambalo anaamini halina ubishi, halafu ndipo wazungumzie nyumba kubwa. Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayechukua kofia yake mahali alipoiacha. Wakili akainamia kompyuta. Na walipokuwa wanatoka, shemeji akamwegemea sikioni kwa upole wote.

"Na cherehani usihofu, shemeji. Nitatafuta vijana waibebe, na wewe ukiwa umekaa juu."

Njia nzima hakusikia kitu kingine, wala magari. Maneno yale yalikuwa yamesemwa mbele ya watu wawili tu duniani: wakili, ambaye kazi yake ni kunyamaza, na Redio, ambaye kazi yake ni kinyume. Hapakuwa na la kufikiri. Hakufikiri hata kwa muda wa kushusha mkoba. Alimkuta mdogo wake amekaa katikati ya wateja, anapinda pazia la bluu na kusimulia mambo ya watu, akamnyang'anya pazia mkononi.

Mengi aliyoyasema hayafai kurudiwa. Kwamba mdomo wake umemuuza. Kwamba ameishi chini ya paa lile kama mtoto na sasa analing'oa kwa ulimi, bati moja moja. Wateja wakajifanya wanachagua vitambaa. Redio, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikosa la kusema, alikosa. Sauti ilipompata ilikuwa ndogo.

"Dada, mimi ya watu natoa. Yako sijawahi kuyatoa."

"Kwa hiyo shemeji kaota?"

"Sijui kaota nini. Najua sikusema."

"Chukua nguo zako."

Redio akazikusanya, akavuka barabara kwenda kwa rafiki yake msusi, na hakugeuka.

Nyumba ikapoa. Watu hawakugoma, hapana, ila walianza kuchukua mapazia yao wakiwa wamesimama. Chai ilibaki kwenye birika mpaka ikaota utando. Mama Pazia alikanyaga cherehani kama anamkanyaga mtu, uzi unakatika, sindano inavunjika, na kila ikivunjika anapata neno jipya kali la kumwambia Redio, na Redio hayupo wa kuambiwa. Ng'ambo ya barabara alikuwa anasikia vicheko kwa msusi. Hivyo ndivyo vilivyomchoma zaidi.

Ndipo simu yake ndogo ya vitufe ikalia. Jumbe za ofisi ya wakili alikuwa amezizoea: mpendwa mteja, waraka wako umewekwa, fungua hapa usome. Simu yake haikuweza kufungua popote, kwa hiyo huzifuta na kuendelea na kazi. Huu ulikuwa mwingine. Ulianza kwa majina yote matatu ya shemeji yake. Mpendwa fulani bin fulani, asante kwa kusoma maelezo ya shauri lako, wakili wako anakukumbusha kikao chenu kijacho.

Aliusoma, akaurudia, akausoma kwa sauti. Kisha akajikuta yuko barabarani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na vidole vimejaa chaki. Sasa alikuwa amepata jibu. Wakili alikuwa anakula kwake na anakula kwa shemeji. Njiani alipanga atakayomwambia, akayapangua, akayapanga upya yakiwa mabaya zaidi. Pale mapokezi binti alimwuliza kama ana miadi. Akasema anayo, na mwenyewe anaijua, akapita.

Wakili alikuwa anaongea na simu. Mama Pazia aliweka simu yake juu ya meza, katikati ya mikono yake.

"Soma. Halafu uniambie shemeji yangu alikupa nini."

Kwa haki lazima isemwe kwamba wakili alishtuka kikweli. Alisoma, akashusha miwani, akasoma tena, akamwita binti wa mapokezi, wakainamia kompyuta wakinong'ona kama watu wanaotazama kidonda. Maelezo yalitoka vipande vipande. Shemeji alipogongwa na gari miaka ile, simu yake ilipondwa hapo hapo, na alipoandikishwa ofisini alitoa namba ya nyumbani kwa kaka yake, yaani ya Mama Pazia, kama walivyofanya watu wote. Ofisi iliponunua mfumo, majalada ya zamani yakaingizwa humo, na la shemeji likiwemo. Mfumo humtambua mtu kwa namba ya simu. Siku Mama Pazia alipotaja yake, kioo kiliuliza: mteja huyu tayari yupo, aunganishwe? Binti akabonyeza ndiyo, kwa sababu ukibonyeza hapana mfumo unadai sababu, na bosi hapendi mteja mmoja aandikwe mara mbili. Tangu dakika ile, Mama Pazia na shemeji yake walikuwa mtu mmoja. Na kila wakili alipomaliza kuandika kikao, mfumo ulimtumia mteja nakala ahakiki. Mama Pazia alipata ujumbe wa simu. Nakala yenyewe ilikwenda kwenye barua pepe ya shemeji, iliyokuwemo kwenye jalada lake la zamani. Fundi mwashi, banda la uani, cherehani. Majina kwenye jumbe yalikuwa yameongezwa juzi tu, ili wateja wajisikie wanajaliwa.

Mama Pazia alikuja amejiandaa kwa mwizi. Mtu aliyehongwa ana uso, unaweza kumkunja shati, unaweza kumlaani na laana ikajua pa kwenda. Hapa alinyoosha mkono kushika, mkono ukashika hewa, na hasira yote aliyokuja nayo ikabaki imesimama katikati ya chumba haina pa kukaa.

"Kwa hiyo hakuna aliyeniuza," akasema taratibu.

"Hakuna kabisa, mama. Ni hitilafu ya mfumo."

"Mfumo."

"Mfumo, mama yangu. Sisi wenyewe tumeumia."

Neno lile la kuumia ndilo lililompa pa kukanyaga. Akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini kuliko ya wakili: mfumo huu unaojua namba za watu na tarehe zote za mahakama, haukuona kwamba kuna mtu anajishtaki mwenyewe? Wakili akakohoa. Binti akatazama kucha zake. Kisha, pengine kwa kuogopa kuachiwa mzigo peke yake, binti akasema kwamba uliona. Kila shauri jipya likifunguliwa, mfumo hutazama kama mpinzani ni mteja wa ofisi, na kama ndiye, hutoa onyo jekundu. Onyo haliji mapokezi. Huenda kwa wakili.

"Geuza kioo," Mama Pazia akasema.

Wakili akasema hayo ni mambo ya ndani ya ofisi.

"Mambo yangu ya ndani yako kwa shemeji. Geuza."

Kikageuzwa. Mstari mwekundu ulikuwepo, mwekundu kweli kweli, haukuwa wa kutafutwa kwa miwani: mpinzani katika shauri hili ni mteja wa ofisi hii. Chini yake: nimesoma, endelea. Na pembeni, jina la wakili mwenyewe, lote, na cheo chake.

Alijitetea. Alisema mteja wa miaka ile hakumkumbuka sura, na maonyo ni mengi mno, mfumo unapiga kelele kutwa nzima, mara kwa majina yanayofanana, mara kwa jirani wa mteja wa zamani, na mtu ukiyasoma yote hufanyi kazi nyingine. Kila mtu ofisini anabonyeza. Aliyasema hayo kama mtu anayetoa udhuru mzuri, na binti akaitikia kwa kichwa. Mama Pazia alimwangalia mpaka akaishiwa.

"Mimi nimemfukuza mdogo wangu," akasema.

Wakili hakuelewa hilo limeingiaje. Akarukia yale aliyoyajua, na kusema kweli aliyajua vizuri. Ofisi itajitoa kwenye shauri, haiwezi kumtetea yeye wala shemeji. Itaiandikia mahakama kueleza kilichotokea na kuomba yote yaliyosemwa kwa msuluhishi yafutwe. Atatafutiwa wakili mwingine, faili litahamishwa. Kilichobaki ni yeye tu kutia sahihi kwamba amearifiwa. Akaisogeza karatasi na kalamu juu yake.

Mama Pazia hakuigusa. Alisema atatia sahihi siku wakili atakapokuja nyumbani kwake kumwambia Redio alichokifanya. Wakili akatoa wazo la simu. Akatoa wazo la barua yenye muhuri. Akasema yeye ana vikao wiki nzima, kalenda imejaa, akataka hata kumwonyesha.

"Nilimfukuza mbele ya watu," Mama Pazia akasema. "Utasema mbele ya watu."

Jumamosi mchana alikuja, kwa sababu sahihi ile alikuwa anaihitaji kuliko alivyotaka ionekane. Nani aliwaambia watu, Mama Pazia hakujua, lakini nyumba iliyokuwa imepoa ilijaa kama zamani. Waliokosa marobota walikaa dirishani. Mteja wa msusi alikuja na kichwa kimesukwa nusu, nusu nyingine imesimama, na msusi nyuma yake bado ameshika kitana. Redio alikaa karibu na mlango kabisa, mkoba mapajani, kama msafiri asiyeamini kwamba chombo kitamsubiri. Dada yake hakumtazama. Wakili alipewa robota la kitambaa laini, akazama humo na suti yake mpaka magoti yakamfika kifuani.

Alianza kwa kusema kulijitokeza changamoto ya kimfumo katika uunganishaji wa taarifa za wateja. Watu wakanyamaza kwa heshima. Akaendelea na itifaki za uhakiki. Mtu dirishani akapiga miayo.

"Bwana wakili," Redio akasema, "tusemeshe kama unavyomsemesha mama yako."

Wakili akamtazama, akatazama ile nusu ya nywele zilizosimama, akatazama mikono yake.

"Mashine iliniuliza," akasema. "Iliniambia huyu tunayepambana naye ni mteja wangu. Nikabonyeza bila kusoma. Maneno ya dada yako yakaenda kwa shemeji yake kutoka kwangu. Wewe hukusema kitu."

Kisha mwenye nusu ya nywele akafyonya, ndefu, ya kutoka kisogoni, na ndiyo hukumu pekee iliyotolewa siku ile. Mama Pazia alikuwa ameingojea saa hiyo kama mgonjwa anavyongoja dawa. Akamgeukia mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya pazia la bluu akamwangalia usoni.

"Umesikia, mdogo wangu."

"Nimesikia," Redio akasema. Akasimama, akatia mkoba begani. "Yeye alibonyeza bila kusoma. Na wewe, dada?"

Akavuka barabara.

Hasira ni kitu cha ajabu. Mama Pazia alikuwa ameipeleka kwa Redio, akaipeleka kwa wakili, alikuwa anajiandaa kuipeleka kwa shemeji aliyezisoma siri zake kimya kimya akichekea kwenye simu zake mbili. Sasa ilikuwa imerudi nyumbani imechoka, ikamkuta mwenyewe amekaa, na hapakuwa na mlango mwingine wa kuipitishia. Alitia sahihi karatasi ya wakili bila kumjibu alipoaga.

Redio hakurudi siku ile wala zilizofuata. Ila kazi yake aliifanya, tena kwa mapana na marefu, na hakuongeza chumvi kwa sababu haikuhitajika. Watu waliokuwa na mashauri yao kwenye ofisi ile wakaanza kwenda mmoja mmoja, wanakaa pale mapokezi, wanasema hawakuja kumwona wakili, wamekuja kugeuziwa kioo. Fundi mwashi naye, huko mbali alikotafutiwa kazi, habari ikamfikia kwamba yule bwana mwema alimwondoa makusudi. Alirudi akiwa anafoka, na akaja mwenyewe kwa Mama Pazia kumwambia kwamba atasimama mahakamani hata akibebwa kwenye toroli. Mahakama ikayafuta ya usuluhishi. Shemeji akapiga simu, akalalamika kwamba yeye nyaraka zilikuja zenyewe, alichofanya ni kusoma tu. Mama Pazia alimjibu kwamba basi amesoma vizuri kuliko wote, akakata. Shauri lilikuwa linaanza upya, nyumba ikiwa bado yake, lakini haijawa salama.

Asubuhi ya kwenda kwa wakili mpya, Mama Pazia alivuka barabara. Alisimama mlangoni kwa msusi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, kwa sababu yeye kwa watu huingia tu. Akasubiri kukaribishwa. Redio alikuwa anamshikia msusi nywele. Hakumkaribisha, lakini hakugeuza uso.

"Simu yangu haifungui zile nyaraka," Mama Pazia akasema. "Nahitaji mtu wa kusoma." Halafu, kwa kuwa wote mle ndani walikuwa wamenyamaza na haikuwezekana tena kurudi nyuma, akaongeza: "Sikukuuliza. Nilikupa hukumu bila kukuuliza. Nimekosa, mdogo wangu."

Redio akamaliza kushika nywele mpaka msusi akafunga uzi. Akafuta mikono.

"Bado nina hasira na wewe," akasema.

"Najua."

"Nyingi."

"Twende nazo."

Ofisi mpya ilikuwa na mapazia mabaya, pindo linapanda upande mmoja, na kompyuta ile ile, na binti wa namna ile ile, mkarimu, mwenye haraka. Akaomba namba ya simu. Mama Pazia akaitaja. Kitu kikatokea kwenye kioo, na kidole cha binti kilikuwa tayari kiko njiani Redio alipoweka kiganja chake juu ya mkono wake, polepole, kama anavyomzuia mtoto asiguse pasi.

"Geuza kioo, mwanangu."

Binti akasema ni jambo la kawaida, linajitokeza kila siku.

"Najua linajitokeza. Geuza."

Redio akasoma. Dada yake alitegemea asome kwa sauti, mapokezi yote yasikie, kama anavyosoma kila kitu. Hakufanya hivyo. Alisoma midomo ikicheza bila kutoa neno, na alipofika katikati nyusi zake zikapanda juu, macho yakawaka namna ile yanavyowaka akipata habari ambayo mtaa bado haujaipata. Hata binti aliona. Kumbe kuna mtu wa mtaani kwao, na bila shaka si mtu mdogo, aliyewahi kupita katika ofisi hii akaacha namba ya Mama Pazia, na ana shauri lake humu ndani ambalo hajamwambia mtu. Redio akameza mate. Ungeona shingo yake inavyopambana.

"Huyu siye," akamwambia binti. "Dada yangu ni mtu mwingine. Bonyeza hapana, na sababu yake uiandike tukiona."

Binti akabonyeza hapana. Akaandika. Redio akaisoma sababu herufi kwa herufi, akamrudisha mahali palipokosewa, ndipo akakaa.

Walipotoka nje Mama Pazia alijikaza mpaka kwenye kona. Kwenye kona akashindwa. Akauliza lile jina lilikuwa la nani.

Redio alitembea kidogo kabla ya kumjibu, mkoba begani, bado hajamtazama.

"Mimi ya watu natoa, dada," akasema. "Lakini hili nimelikuta kwenye kesi yako, na yako siyatoi."